Usinunue Amplifaya Kabla Hujaihesabu Splita

SWALI: Habari za kazi, fundi. Tunaishi Columbus, Ohio, nyumba ya kupanga ya ghorofa moja yenye bezimenti. Intaneti yetu inakuja kwa waya ule mnene wa televisheni, na modemu ni yetu wenyewe, ya DOCSIS 3.0 (kiwango cha intaneti ya kebo). Inakatika mara nne tano kwa siku, zaidi mchana wa joto. Taa zinamweka dakika mbili tatu, kisha inarudi. Nikipiga simu naambiwa nizime niwashe. Nimefungua ukurasa wa modemu, 192.168.100.1, nikakuta hivi: kushuka (yanayokuja kwetu), chaneli ya masafa ya chini (kama 400 MHz) ina -9 dBmV, na ya juu kabisa (karibu 800 MHz) ina -14. SNR ni 33 hadi 35. Kupanda (yanayotoka kwetu) kuna chaneli nne, zote 51 dBmV. Kumbukumbu ya matukio imejaa T3. Bezimenti kuna splita (kifaa cha kugawa waya) ya matundu nane waliyoiacha wapangaji wa zamani. Waya mmoja unatoka hapo kupanda chumbani, na nyuma ya modemu kuna kasplita kengine ka matundu mawili, tundu moja lilikuwa la TV ambayo hatuna tena. Mume wangu ameona dukani amplifaya ya 15 dB. Tuinunue?

JIBU: Salama, dada. Mwambie shemeji aiache hiyo amplifaya dukani. Kwa tarakimu ulizoleta, kuna kila dalili kwamba waya wa kampuni unafika kwenu na nguvu ya kutosha, ila nguvu hiyo inaliwa ndani ya nyumba, kati ya bezimenti na chumba chenu. Na walaji umeshawataja mwenyewe, wako wawili.

Angalia jinsi mikondo yote miwili ilivyoumia. Mkondo wa kushuka uko desibeli kumi na kitu chini ya pale unapopendeza kuwa, na wa kupanda uko desibeli kumi na kitu juu ya pale modemu nyingi zenye afya zinapokaa. Splita hunyang'anya kiasi kilekile yanayokuja na yanayokwenda. Mikondo ikiumia pamoja, tena kwa kipimo kinachokaribiana, mshukiwa wa kwanza ni kitu kilichokaa katikati ya njia bila umeme: splita, konekta au waya wenyewe.

Tuanze na maana ya tarakimu, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Sifuri ya dBmV haina maana ya "hakuna kitu". 0 dBmV ni milivolti moja kwenye mfumo wa omu 75, na namba zenye alama ya kutoa ziko chini ya hapo. Ukishuka desibeli 6, volteji inabaki nusu. Ukishuka 20, inabaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo ile -14 yako ni kama milivolti 0.2. Modemu yenyewe, ikijibu, inatuma kwa 51 dBmV, yaani takriban milivolti 355. Inasikiliza mnong'ono na kujibu kwa ukelele. Uzuri wa desibeli ni kwamba hesabu yake ni ya kujumlisha na kutoa tu: splita inayopoteza 7 ukiiondoa, unaongeza 7 kwenye kushuka na unatoa 7 kwenye kupanda. Basi.

Kwa mkondo wa kushuka, DOCSIS 3.0 inaitaka modemu ifanye kazi kati ya -15 na +15 dBmV kwa kila chaneli. Huo ni mpaka wa shimo, si mahali pa kujenga. Mafundi hulenga kati ya -7 na +7, na wengi huvumilia mpaka 10 upande wowote. Ila usiisome nguvu peke yake, isome pamoja na SNR, yaani umbali kati ya mawimbi na kelele. Kwa chaneli za 256-QAM (QAM ni namna ya kupakia data kwenye mawimbi), kanuni inadai SNR ya 30 dB nguvu ikiwa -6 au zaidi, na ikishuka chini ya -6 inadai 33. Ninyi mko -9 hadi -14 na SNR yenu inaanzia 33. Mmesimama ukingoni kabisa. Konekta moja ikilegea kidogo mmeanguka.

Mkondo wa kupanda una tabia yake, na ndio unaowakatia intaneti. Modemu haijiamulii nguvu ya kutuma. Mtambo wa kampuni ulio mwisho wa njia, unaoitwa CMTS, unataka sauti za modemu zote za mtaa zimfikie kwa kimo kimoja, kwa hiyo unaiamuru kila modemu: wewe panda, wewe shuka. Ni kama watu wanaoita kivuko kutoka ng'ambo ya mto. Aliye mbali lazima apaze sauti zaidi ili asikike sawa na wa karibu. Kati ya 35 na 49 dBmV modemu ina pa kupandia na pa kushukia. Modemu ya 3.0 inayotuma kwa chaneli nne za 64-QAM, dari yake ni 51 kwa kila chaneli. Chaneli zenu zote nne zimegota darini. CMTS ikisema "panda tena", hakuna pa kupanda.

Hapo ndipo T3 zinapoingia. Modemu inaita, inangoja jibu kwa milisekunde 200, jibu halifiki, inaandika T3 na kuita tena. Zikifuatana 16 bila jibu, inaachia njia na kuanza upya kutafuta chaneli, na hizo ndizo dakika zenu mbili tatu za taa kumweka. Mchana wa joto unazidisha kwa sababu shaba na alumini za waya wa nje zikipata moto hupoteza nguvu zaidi, takriban asilimia moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Kwa modemu iliyo 42 hiyo ni habari ndogo, inajipandisha na maisha yanaendelea. Kwa iliyo 51 ndiyo tone linalofurisha ndoo. (Mkiona T4 nayo, maana yake modemu imekaa sekunde 30 bila kupewa nafasi ya kujitambulisha, na mara nyingi hapo ni mkondo wa kushuka uliopotea.)

Sasa tuihesabu splita. Viwango hivi vya hasara huchapishwa kwenye mgongo wa kifaa au kwenye karatasi yake:

- njia 2: 3.5 dB kila tundu
- njia 3: tundu moja 3.5, mawili 7 (zipo pia za usawa, karibu 5.5 kila moja)
- njia 4: 7 dB
- njia 8: 10.5 hadi 11 dB, na kwenye masafa ya juu huzidi hapo

Matundu yasiyo na kitu hayakurudishii chochote. Splita ya nane inagawa kwa nane hata kama unatumia moja. Saba yaliyobaki yanakupotezea nguvu bure na, ubaya zaidi, yanaingiza kelele. Kwa hiyo nyumba yenu inapoteza 11 bezimenti na 3.5 nyuma ya modemu, jumla 14.5. Ongeza waya. RG-6 (waya wa koaksio, ule mnene wa televisheni) ya mita 30 inapoteza karibu desibeli 5 kwenye 600 MHz, lakini kwenye masafa ya kupanda, tuseme 30 MHz, inapoteza moja na kidogo tu. Upotevu wa waya hukua na masafa, na hii inaeleza sehemu ya mteremko wenu wa -9 kwenda -14. Sehemu nyingine inaweza kuwa ya splita yenyewe. Kama ni ya zamani na imeandikwa 5–900 MHz, chaneli zilizo karibu na mpaka huo zitaonewa.

Toa 14.5 hizo kwenye karatasi: kushuka inakuwa kama +5 kwenye chaneli za chini na +1 kwenye za juu, kupanda inakuwa kama 37. Mikondo yote miwili inaingia mahali pake bila kununua chochote cha kuchomeka kwenye umeme.

Lakini karatasi si waya, na kabla ya kubadili kitu pima mahali waya unapoingilia nyumbani. Bezimenti utaona waya unatoka nje na kupita kwenye kipande kidogo cha chuma chenye waya wa kijani au wa shaba mtupu ulioungwa ardhini. Huo waya wa ardhini usiuguse, usiulegeze. Chukua modemu na waya wake wa umeme, ishushe hadi hapo, fungua waya unaoingia kwenye tundu la IN la splita ya nane, uufunge moja kwa moja kwenye modemu. Ngoja dakika tano mpaka itulie, unganisha laptopu kwa kebo ya Ethaneti, fungua ukurasa uleule, andika namba zote. Hicho ndicho kipimo cha kampuni: yaliyo nyuma yake ni yao, yaliyo mbele yake ni yenu na mwenye nyumba. Mkikuta kushuka kati ya 0 na +10 na kupanda 35 hadi 42, endeleeni na kazi ya ndani. Mkikuta hapo napo kushuka ni -9 na kupanda ni 49, wekeni spana chini. Tatizo liko nje, na nitafika huko.

Tukichukulia namba ni nzuri, kazi yenyewe ni ya nusu saa. Mahitaji: konekta ya kuungia ya jike kwa jike, ile inayouzwa kwa jina la F-81, moja, spana namba 11, na kipande cha RG-6 cha mita moja hadi mbili chenye vichwa vya kiwandani. Tambueni waya unaopanda chumbani: modemu ikiwa imerudi juu na inafanya kazi kupitia splita ya zamani, fungua waya wa kutokea mmojammoja, ule utakaoizimisha ndio wenyewe. Uwekee alama ya tepu. Kisha ondoa splita ya nane yote, unganisha waya unaoingia na huo wa chumbani kwa F-81, ambayo haipotezi hata nusu desibeli. Chumbani ondoa kasplita, toa waya wa ukutani moja kwa moja hadi kwenye modemu. Nyaya nyingine za bezimenti ziache zining'inie bila kuungwa, hazina madhara. Splita itunzeni kwenye mfuko, maana ni mali ya mwenye nyumba.

Kama mnapanga kurudisha TV ya kebo, tumieni splita moja ya njia mbili tu, pale bezimenti, iliyoandikwa 5–1002 MHz (au 5–1218 mkipanga kuhamia modemu ya DOCSIS 3.1). Mtapoteza 3.5: kushuka kama +2 kwenye chaneli za chini na -3 kwenye za juu, kupanda kama 40. Bado ni pazuri. Epukeni splita ya dishi ya setilaiti. Ipo iliyoandikwa 950–2150 MHz, na hiyo haipitishi kabisa mkondo wa kupanda, ambao kwenye mitandao mingi ya Marekani kwa miaka mingi umekaa kati ya 5 na 42 MHz. Tundu lolote litakalobaki wazi lifungwe kizibo cha omu 75. Ni kitu cha senti chache. Nyumba zote za mtaa wenu zinatumia mkondo mmoja wa kupanda, kwa hiyo kelele inayoingia kwenye tundu lenu wazi inafika kwa CMTS ikiwa imechanganyika na ya majirani, na wote wanaumia. Mawimbi yanayovuja kutoka ndani nayo ni suala la sheria Marekani: FCC, mamlaka ya mawasiliano, inazibana kampuni za kebo zisivuje kwenye masafa ya ndege, 108–137 na 225–400 MHz. Fundi akija kugonga mlango kuuliza kuhusu waya zenu bila kuitwa, mara nyingi ni hilo.

Nakaa kidogo kwenye konekta, kwa sababu hapa kuna ubovu mwingi kuliko kwenye vifaa vyote nilivyotaja. Kagua kila kichwa. Uzi wa katikati uwe mng'avu, umenyooka, na ujitokeze kama milimita 3 kupita ukingo wa konekta. Ukiwa mfupi haugusi vizuri ndani ya tundu, ukiwa mrefu sana unasukuma na kulegeza kibano cha ndani. Plastiki nyeupe iwe imefika sawa na sakafu ya konekta, isibaki nyuma wala kuchomoza. Hata unywele mmoja wa wavu wa fedha usiguse uzi wa katikati, ukigusa umetengeneza shoti. Vuta konekta kwa nguvu ya kawaida. Ikizunguka au kutoka mkononi, kata uanze upya. Zile za kusukuma bila uzi wa kukaza, na zile za kusokota kwa mkono kwenye waya, tupa bila kufikiri. Zinazofaa ni za kubanwa kwa koleo maalumu la kukandamiza. Ukizifunga mwenyewe, menya milimita 6 za uzi mtupu, kisha milimita 6 nyingine za ganda la nje ukiuacha wavu, ukunje wavu nyuma, sukuma konekta mpaka plastiki nyeupe ifike sakafuni, ndipo ukandamize.

Kukaza pia kuna kipimo chake. Zungusha kwa vidole mpaka mwisho, kisha spana namba 11 robo mzunguko, si zaidi. Kwenye mgongo wa modemu punguza nguvu hata hapo, kwa sababu tundu limechomelewa kwenye bodi na likivunjika modemu imekwisha. Kulegea nako kuna alama inayojulikana: chaneli za 600 hadi 760 MHz hivi zinakuwa na SNR mbaya kuliko jirani zake ingawa nguvu ni sawa. Huko ndiko minara ya simu ya LTE ya Marekani inakorushia, na konekta iliyolegea inageuka antena.

Baada ya kazi, modemu ikae saa nzima ndipo usome tena. Kwenye ukurasa uleule kuna hesabu za makosa yaliyorekebishwa na yasiyorekebishika. Yaliyorekebishwa yasikutishe. Yasiyorekebishika yaliyojikusanya dakika ya kwanza ya kuwaka ni kawaida pia. Andika hesabu hiyo, rudi kesho saa kama hiyo, tazama tofauti. Ikiwa imesimama palepale au imeongezeka kidogo tu, kazi imekubali. Ikipanda kwa maelfu kila saa, bado kuna konekta mbovu au kelele mahali.

Sasa turudi kwenye amplifaya ya shemeji, maana hoja yake si ya kijinga. Ni ya watu wengi. Mngeifunga leo chumbani, ukurasa ungependeza: kushuka kungetoka -14 kwenda +1, na mngefurahi. Lakini amplifaya haiwezi kurudisha SNR iliyokwisha kupotea, kwa sababu inakuza mawimbi na kelele pamoja, kisha inaongeza kelele yake. Na nyingi za bei nafuu hukuza mkondo wa kushuka tu. Wa kupanda hupita bila kukuzwa, tena ukipoteza desibeli moja au mbili njiani. Kutoka 51 mngehitaji 52 au 53, ambayo modemu haina. T3 zingeongezeka huku kushuka kukionekana safi, na mngebaki mnajiuliza mmekosea wapi. Nyingine hazina kabisa njia ya kupanda. Kwa hizo modemu haiungani na mtandao hata kidogo.

Amplifaya ina mahali pake: nyumba yenye TV nne tano za kebo, waya unaoingia ukiwa na namba nzuri, na splita kubwa isiyoepukika. Hapo inafungwa mwanzoni, kabla ya splita, mahali mawimbi bado ni masafi. Modemu haipiti ndani yake. Inachukuliwa kabla, kwa splita ya njia mbili, au kwenye lile tundu la amplifaya lisilokuzwa, ambalo huendelea kupitisha hata umeme ukikatika. Njia nzuri zaidi ni kitoa-tawi, kifaa kinachofanana na splita lakini hakigawi sawa. Chenye alama ya 9 dB kinapitisha njia kuu kwa hasara ya desibeli moja na kitu tu, na tawi linapata 9 pungufu. Modemu inapewa njia kuu, TV zinapewa tawi lenye amplifaya.

Kuna kisa cha upande wa pili, na kinawapata zaidi wanaoishi karibu na kisanduku cha kampuni: nguvu imezidi. Kushuka kukiwa +12 au +14, mlango wa modemu unalemewa na makosa yanaongezeka ingawa "signal ni kali". Tiba ni kipunguza nguvu, kipande kidogo cha F chenye 3, 6 au 10 dB, kinachofungwa nyuma ya modemu. Ila kabla hujafunga tazama mkondo wa kupanda. Kushuka +12 na kupanda 32: kipunguzi cha kawaida cha 6 kinaleta +6 na 38, kimetibu yote mawili. Kushuka +12 na kupanda 47: kipunguzi hichohicho kinaleta +6 na 53, umeponya sikio ukaua koo. Hapo kinatakiwa kile cha kupunguza mkondo wa kushuka peke yake, kinachouzwa kwa jina hilo na kinaupitisha mkondo wa kupanda karibu bila kuugusa. Na kupanda kukiwa chini ya 35 pasipo tatizo la kushuka, usihangaike kama hakuna kinachokatika. Ila modemu iliyo karibu na sakafu yake huweza kushindwa kushuka zaidi inapoamriwa, na 3 dB huitengeneza.

Mkondo mmoja ukiumia peke yake, mshukiwa anabadilika. Kushuka kuzuri na kupanda 50 na zaidi: tafuta splita ya setilaiti, amplifaya isiyo na njia ya kurudi, konekta iliyoota kutu, au kelele ya mtaani ambayo ni ya kampuni. Kushuka kubaya kwenye chaneli za juu tu, kupanda kuzuri: ni waya wa zamani wa RG-59 (mwembamba kuliko RG-6, soma maandishi ubavuni) au maji yaliyoingia kwenye waya, badilisha waya. Chaneli moja mbili zikizama kwa desibeli 6 katikati ya nyingine zilizo sawa: kuna mahali waya umebanwa na pini ya ukutani, umekunjwa kona kali, au kuna kipande kirefu kilichounganishwa upande mmoja na upande wa pili uko wazi. Mkunjo wa RG-6 uwe mpana kama ukingo wa sahani ndogo.

Wenye modemu za DOCSIS 3.1 wataona mstari wa ziada wa OFDM, chaneli pana ya kiwango hicho kipya. Nguvu yake inasomwa vilevile, lakini kwa SNR ndiyo hodari wa kula: ili ifikie 4096-QAM inahitaji karibu 41 dB, ikikosa inajishusha yenyewe hadi 2048 au 1024 na mnapoteza kasi bila kukatika. Wasomaji wa Ulaya, modemu zenu huenda zinaandika dBµV. Toeni 60 mtapata dBmV. Na wa Dar es Salaam na Nairobi wenye faiba nyumbani: ile -19 au -22 mnayoiona ni dBm ya mwanga, kipimo kingine kabisa. Kwa GPON, mfumo wa kawaida wa faiba za nyumbani, kati ya -8 na -27 ndiyo eneo lake; msiilinganishe na hizi.

Jambo la usalama kabla hujashika waya wowote bezimenti. Ukifungua konekta ukaona cheche, ukapigwa shoti hata ndogo, au ukakuta waya una joto, acha papo hapo na ita kampuni ya umeme, si ya intaneti. Waya wa nyutro wa nyumba ukikatika, umeme hutafuta njia ya kurudi kupitia wavu wa koaksio, na huo unaua. Na kisanduku cha nje, cha nguzoni au cha uani, si chako kukifungua.

Ikiwa kipimo cha kuingilia kilikuwa kibaya, piga simu ukiwa na karatasi. Usiseme "intaneti inakatika", maana utaambiwa uzime uwashe. Sema: "Nimeunganisha modemu moja kwa moja kwenye sehemu ya kuingilia, bila splita. Kushuka ni -9 hadi -14, SNR 33, kupanda ni 49 kwenye chaneli zote nne, na nina T3 zaidi ya kumi kwa siku, hasa mchana. Naomba fundi akague waya wa kutoka kwenye kisanduku na konekta za nje." Piga picha ya ukurasa saa ya joto na nyingine usiku, kisha muonyeshe fundi. Atakapofika, mwombe apime kwanza kwenye kisanduku chake, halafu kwenye ukuta wenu. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo hali ya waya wa katikati, na akibadilisha waya huo, mwombe apime tena mbele yako kabla hajapanda gari.